Maneno Ambayo Sikuyatafsiri

Mwanangu Nsimire,

Umetoka na baba yako kwenda Rockville kutafuta adapta ya umeme wa Ulaya, na nyumba imenyamaza. Nimekaa mezani jikoni. Jua la Agosti bado linawaka kwenye madirisha ya majirani, nami nina kama saa mbili kabla hamjarudi. Kesho saa kama hizi utakuwa uwanja wa ndege wa Dulles, unavua viatu kwenye foleni. Mambo ya makoti, dawa za kifua na karatasi za shule sitayagusa. Baba yako amekuandikia orodha ya kurasa mbili, na unajua mwenyewe kwamba ataisoma kwa sauti njia nzima garini.

Mimi nataka kukuambia kwa nini naogopa.

Unadhani naogopa baridi ya Brussels, au wanaume, au watu watakaokutazama vibaya kwenye treni. Hayo nayaogopa, ni kweli, lakini hiyo ni hofu ya mama yeyote. Yangu hasa ni nyingine, nimeishi nayo tangu kabla hujazaliwa, na tangu Machi imekuwa ikiniamsha alfajiri kabla ya saa ya kazi.

Machi uliweka kamera na taa juu ya meza hii. Shule ya filamu ya Brussels ilitaka filamu fupi ya maombi, nawe ulitaka niongee Kiswahili kuhusu Bukavu, halafu wewe uandike Kifaransa chini ya picha. Nilikataa. Ukaomba tena, nikakataa. Mara ya tatu nilinyoosha mkono nikaizima mwenyewe ile taa yako. Uliniambia kwa Kiingereza, taratibu, kwamba ninaona haya. Kwamba naona haya ya Kiswahili na ya kwetu, na kwamba nilikulea kwa namna ambayo usingefanana na mtu yeyote. Baba yako alifungua mdomo nikampa ishara anyamaze. Basi ukampiga yeye picha, akahadithia Tanga na shule yake na embe za jirani, na filamu ikawa nzuri. Siku jibu la shule lilipokuja ulinikumbatia kwa mkono mmoja.

Ulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini sababu uliyoitaja siyo. Sasa nikuambie iliyo ya kweli, na nitaanzia mbali kidogo, maana bila kujua nilivyokipenda Kifaransa hutaelewa nilichokifanya.

Nilipokuwa msichana, Jumapili mchana parokia yetu ilikuwa ikionyesha filamu za Kifaransa ukumbini. Mimi na dada yangu tulikaa benchi la mbele kabisa. Kwenye filamu zile wanawake walisimama dirishani, wakaongea bila kupandisha sauti, wakakataa vitu kwa neno moja dogo. Tulirudi nyumbani tunajizoeza kusema lile neno la kukataa kama wao, midomo imefungwa nusu. Bibi yako alituambia tunaongea kama watu wanaoumwa meno. Tulicheka, lakini mimi moyoni niliamini kabisa kwamba siku nitakayoongea vile ndiyo siku nitakayoanza kuwa mtu.

Kisha Jumapili moja padri alileta filamu kutoka Afrika Magharibi. Watu wake waliongea Kifaransa, na walipokasirika au kuchoka walirudi kwenye lugha yao. Kulikuwa na mama anayemwosha mtoto miguu kwenye beseni la plastiki, beseni la kijani kama letu, limepasuka ukingo kama letu. Watu ukumbini wakacheka, kicheko cha mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotarajia. Mimi niliona haya na furaha kwa pamoja. Sikujua kama beseni letu linaruhusiwa kuingia kwenye filamu. Tangu siku ile nilitaka kuwa karibu na kazi hiyo, hata kama ni kubeba nyaya. Kwa hiyo usiseme sielewi unachokwenda kukitafuta. Nilikitafuta kabla yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu alipokuja Bwana Lucien. Alikuwa mtengeneza filamu kutoka Ulaya, na alitaka kufanya filamu ya wanawake wanaobeba mizigo kutoka ziwani kupanda sokoni. Alihitaji mtu anayejua Kifaransa, Kiswahili na Kimashi. Masista wa lise, shule yetu ya sekondari, walimpa jina langu.

Sitaki umwone kama mtu mbaya, kwa sababu hakuwa. Alibeba mizigo yake mwenyewe. Aliuliza majina ya watu na hakuyasahau. Alikula sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwa mkono, na vichwa vyake. Lakini alikuwa na tabia moja: kila tulipokuwa mbele ya watu alikisifu Kifaransa changu. Aliwaambia kwamba naongea kama mtu wa kwao. Ile sifa nilikwenda nayo kila mahali. Nililala nayo.

Miongoni mwa wanawake wale nilimchagulia mmoja niliyemfahamu, wa mtaa wetu. Nitamwita Furaha. Si jina lake.

Furaha alibeba gunia zima la mkaa mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na bado alikuwa na pumzi ya kufanya mzaha. Aliuliza kama kamera inakula, na kama inakula, ni nani atakayeipikia. Aliwaiga wanunuzi wake, alimwiga mama mkwe wake, alimwiga Bwana Lucien anavyopanda mlima akihema. Tulimfuata wiki mbili. Nilikuwa namtafsiria Bwana Lucien kila mzaha, naye mwanzoni alicheka. Baadaye alianza kutazama saa.

Jioni moja akaniambia kwamba Furaha anacheka mno. Watazamaji wa kule, alisema, hawatamwelewa mwanamke aliyebeba mzigo kama ule naye anacheka. Alisema labda kesho tutafute mwingine, mwenye jambo zito la kusema.

Niliogopa, Nsimire. Niliogopa kazi itaisha nirudi kuwa msichana mwenye Kifaransa kizuri na hana pa kukipeleka. Na niliogopa ataona kwamba nilimchagulia mtu asiyefaa, na kwamba pengine mimi mwenyewe sikuwa kama watu wa kwao hata kidogo.

Kesho yake asubuhi Furaha alikaa kwenye ngazi za nyumba yake kupumzika. Kinasa sauti kidogo kilikuwa kimebanwa kwenye kikwembe chake, kitenge alichojifunga, kamera inarekodi. Alikuwa amechoka, hakuwa na mzaha. Akanitazama mimi, hakutazama kamera, akaniambia jambo moja la maisha yake ambalo mume wake na wakwe zake hawakulijua. Jambo lenyewe sitaliandika hapa. Ni lake.

Kisha akanigusa goti akasema, "Hiyo usiwaambie, dada. Nakuambia wewe."

Bwana Lucien akauliza amesema nini. Nikamtafsiria lile jambo. Yale maneno ya mwisho sikuyatafsiri.

Aliinua kichwa. Uso wake ulibadilika wote. Akaniambia nimwulize zaidi, nikamwuliza, naye Furaha akajibu kidogo, akidhani bado tunaongea sisi wawili. Jioni yake Bwana Lucien aliniambia kwamba sasa nimekuwa mkalimani wa kweli.

Miaka mingi nilijaribu kujiambia kwamba nilisahau, kwamba maneno yalikuwa mengi, kwamba alisema kwa sauti ndogo. Sikusahau. Yalikuwa tayari mdomoni mwangu kwa Kifaransa safi, nikayameza.

Filamu ilikwenda Ulaya. Aliniandikia kwamba imeonyeshwa Ubelgiji, Uswisi, hata Kanada, na watu wamesimama kupiga makofi. Alinitumia kipande cha gazeti chenye picha ya Furaha. Nilikisoma mara nyingi hata karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Nikajiambia kwamba hakuna aliyeumia. Kule ni mbali.

Mwaka uliofuata alirudi na filamu. Alitaka wanawake wale wajione wenyewe, na nia ilikuwa nzuri. Alikodi ukumbi ambamo filamu za Kifaransa zilikuwa zikionyeshwa mjini, akawaalika wote na familia zao. Ningeweza kusema neno wakati ule. Nilikuwa na siku sita nzima za kusema. Nilijiambia kwamba atakuwa amekikata kipande kile, au sauti itakuwa hafifu, au wakwe hawatakuja. Walikuja. Furaha alikuwa amesukwa nywele, amevaa kikwembe kipya, amekaa mstari wa mbele kati ya mume wake na mimi. Mkwe wake alikuwa upande wa pili wa mume.

Wewe unajua filamu zinavyokatwa, kwa hiyo nisikueleze sana. Mtu aliyeikata alikuwa mbali, hakujua neno moja la Kiswahili. Alikata kwa kufuata karatasi yangu ya tafsiri. Furaha alipomaliza lile jambo, huyo mtu aliiacha picha ibaki usoni mwake, maana uso ule ulikuwa mzuri saa ile, na sauti nayo ikaendelea. Chini ya picha hapakuwa na maandishi. Palikuwa peupe. Huko Ulaya waliona mwanamke ananong'ona kitu kidogo, basi.

Lakini ukumbi wetu haukuhitaji maandishi. Watu wote mle ndani walisikia: "Hiyo usiwaambie, dada. Nakuambia wewe." Na wote walijua dada ni nani.

Hakuna aliyepiga kelele. Mkwe alisimama wa kwanza, akakaza kikwembe kiunoni, akatoka. Mume akamfuata. Furaha alibaki. Alitazama filamu mpaka mwisho, mikono mapajani, nami nilikaa kando yake. Taa zilipowaka alinigeukia. Nilitamani anipige.

Aliniuliza, "Ulisikia nilivyosema?"

Nikamwambia nilisikia.

Akaitikia kwa kichwa, akapita mlango wa nyuma.

Haikupita wiki vitu vyake vikawa nje. Mtoto wake mkubwa aliondoka naye, wadogo wawili wakwe wakawashika. Niliyajua hayo kwa kusikia watu wakiambiana sokoni, maana mimi hakuna aliyeniambia. Wanawake wa mizigo walipita karibu yangu bila salamu, na haki yao. Nilikwenda kwa Bwana Lucien nikamweleza kila kitu. Alilia. Alisema ataondoa kipande kile, lakini filamu ilikuwa tayari imekwenda kila mahali. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyetaka jambo zito. Akasema, "Mimi niliomba. Wewe ndiye uliyejua." Nilimchukia kwa maneno yale miaka mingi. Nusu yake ilikuwa kweli, na ndiyo nusu iliyoniuma.

Niliondoka Bukavu nikaenda Kigali, kisha Dar, ambako baba yako alinisikia nikiagiza chai akakicheka Kiswahili changu cha Kongo mpaka akanioa. Mengine unayajua: Amerika, chumba kimoja cha kwanza, halafu nyumba hii ya Germantown ulipokuwa unaanza kutembea. Ambalo hulijui ni hili. Hapa hospitali na mahakama zinatafuta sana wakalimani wa Kiswahili na Kifaransa. Nimeombwa mara ngapi. Watu wa kanisani hawaelewi kwa nini mwanamke mwenye lugha zote hizo anaogesha wazee Rockville, na baba yako naye haelewi, maana nilimwambia tu kwamba sipendi. Nawaogesha wazee kwa sababu mgongo wa mzee hauhitaji kutafsiriwa.

Na wewe nilikulea kwa Kiingereza. Nilitaka asiwepo mtu wa kukuambia siri yake kwa lugha ambayo ungeweza kuichukua ukaipeleka kwingine. Nilidhani nakulinda. Ulipokuwa mdogo ulinijibu kwa Kiingereza nami nikashukuru. Bibi yako alipokupigia simu na wewe ukamwambia habari njema tu, basi, na kunirudishia simu, nilishukuru pia. Hilo ndilo kosa langu la pili, na limekuangukia wewe.

Lakini mimi mwenyewe sikuweza kukaa mbali na kumbi zile. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja nilipokupeleka D.C. kwenye wiki ya filamu za Kifaransa. Tuliona moja ya Tunisia na moja ya Kanada, watoto wake wanaongea Kifaransa kizito kama mtu anayetafuna. Uliniuliza kwa nini Kifaransa chao si kama changu, nikakujibu kwamba ni chao. Ulifikiri jibu lile mpaka tulipofika kituo cha treni. Tangu siku ile ukaanza kuniomba nikufundishe, halafu ukaenda kukisoma chuo kikuu, College Park, na mimi nikawa nakuona unakwenda kule kule nilikokwenda, kwa mwendo ule ule, nisijue nikuite vipi.

Sasa unakwenda. Siku ya kwanza watakuita Mkongo. Umezaliwa hapa kaunti ya Montgomery, unajua ni basi lipi linachelewa kwenda Shady Grove, Bukavu hujaiona hata kwa siku moja, lakini watakuita Mkongo na watakuomba Kongo. Watakuomba kwa upole. Ukiwaletea baba yako na embe za jirani watasema ni nzuri, halafu watauliza kama huna jambo zito zaidi. Wakikudharau utajua la kufanya, nimekuona ukijitetea tangu shule ya msingi. Naogopa wakikusifu. Sijui kama nimekufundisha namna ya kusimama mbele ya sifa, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua.

Na utakwenda kwenye mitaa ya watu wetu kule. Akina mama wataangalia paji lako la uso, watauliza ni wa nani, watakuita mtoto wao, watakupa sombe, kisamvu cha kwetu. Halafu wataanza kuhadithia, kwa Kiswahili, maana wataona unaelewa. Nawe, kwa kumsikiliza baba yako, unaelewa maneno tisa katika kumi. Lile la kumi ndilo linaloniamsha alfajiri. Siku ile likiwa ni la kukuomba unyamaze, utalisikia? Na ukilisikia, na mwalimu wako amesimama nyuma yako amefurahi, utafanya nini? Mimi nilielewa yote kumi na nilifanya nilichofanya.

Ndiyo maana nilizima taa yako. Haikuwa haya ya Kiswahili. Niliona kinasa sauti kidogo mkononi mwako, nikamwona Furaha kwenye ngazi zile.

Bado moja, ndilo gumu.

Miaka miwili iliyopita, kwenye matanga ya jamaa mmoja hapa Germantown, nilikutana na mwanamke wa mtaa wetu wa zamani. Akaniambia Furaha yu hai, anafanya biashara mji mwingine ambao sitautaja. Akanipa namba. Nilikaa nayo miezi minne. Nilimpigia mchana, nikiwa nimekaa garini kwenye maegesho ya kazini, mlango umefungwa, nikakosea namba mara mbili.

Aliijua sauti yangu kabla sijasema jina. Aliniambia habari za watoto wake. Wale wadogo walipokua walimtafuta wenyewe wakampata. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe, na mimi sikumwomba mara ya pili. Akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia ninaye mmoja, msichana, anapenda filamu.

Kisha akauliza, "Umemwambia?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Vizuri. Umwambie ya kwako. Ya kwangu uyaache."

Nikamwambia ndivyo nilivyofanya. Tukaagana. Sijampigia tena, kwa sababu nilimdanganya mara ya pili, na siwezi kuongea naye juu ya uongo huo.

Basi leo nimekuambia ya kwangu. Ya kwake nimeyaacha. Naogopa utakachokiona ukinitazama baada ya hapa. Naogopa pia kwamba utaona filamu ndani yake, maana naujua uso wako ukiona filamu. Yangu ukiyataka siku moja, nitafikiri. Yake, hata akikuambia yeye mwenyewe kwa mdomo wake, msikilize mpaka mwisho kabisa, mpaka anyamaze, kabla hujageuka kwa mtu mwingine.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uisome ukiwa mbali nami. Tangu nimeanza kuandika nimejua kwamba hiyo nayo ni namna ya kutoka kwa mlango wa nyuma. Nitakupa mkononi mkirudi, kabla ya chakula, na nitakaa nawe wakati unaisoma. Ukitaka kuuliza, uliza kwa lugha yoyote. Ukitaka kunyamaza, nitakaa hivyo hivyo. Na kesho tukishakusindikiza, nikirudi garini, nitampigia Furaha nimwambie kwamba siku ile nilimdanganya, na kwamba sasa ni kweli.

Mama yako